Kufufua gari la zamani nyumbani: kutu kwanza, rangi baadaye

Mtu akileta gari kuukuu gereji hapa Kampala, swali lake la kwanza huwa ni rangi itagharimu kiasi gani. Mimi humrudishia swali: maji yanaingilia wapi? Kila tundu la kutu lina njia ya maji nyuma yake. Usipoitafuta njia hiyo na kuiziba, bati jipya utakalochomelea litaoza kama lile ulilolitoa, hata ukinunua rangi ya bei ya juu kuliko zote.

Kazi hii ina maana kubwa siku hizi. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Toyota Corolla AE100, Kikumi yetu iliyoanza kutengenezwa 1991, haitakuja tena kwa meli. Zilizopo ndizo hizo, na nyingi zina injini nzima ndani ya bodi inayokwisha. Mwenye kivuli cha mabati, umeme na subira anaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi nyumbani.

Panga majira kabla ya kupanga pesa. Mvua zetu hushika kuanzia Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kukata na kuchomelea unaweza wakati wowote ukiwa na paa. Kupaka rangi ningekuombea Januari, Februari, Juni au Julai.

Hatua ya 1: Osha chini, kisha gonga

Anza na tumbo la gari. Udongo mwekundu wa murram hujibana ndani ya matao ya magurudumu, na ukilowa hukaa na unyevu siku nyingi ukiwa umeegemea chuma. Uchokonoe wote kwa kijiti, umwagie maji ya mpira, uache ukauke.

Sasa chukua nyundo ndogo na bisibisi butu. Chuma kizima hulia. Kilichooza sauti yake hufa. Penye wasiwasi, sukuma kwa bisibisi: kama inazama, hapo hakuna chuma tena. Kwa pati (uji wa kujazia mashimo, ambao hukauka ukawa mgumu) iliyofichwa chini ya rangi, funga sumaku kwa kitambaa chembamba uipitishe kwenye bodi. Ikishika kwa nguvu ni bati. Ikiteleza, kuna mtu aliwahi kujaza shimo hapo.

Usiache kukagua vizingiti vya milango, sakafu chini ya zulia la dereva, sahani inayokalia betri (asidi hula chuma polepole), kisima cha gurudumu la akiba, na ukingo chini ya mpira wa kioo cha mbele. Gari lililotumika sehemu za theluji za Japani kama Hokkaido huwa limeliwa zaidi upande wa chini, maana huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Mwenye Land Rover ya zamani asidanganywe na bodi yake ya aluminiamu. Chasi na ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva ni chuma, na aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu, huliwa.

Kutu ikiwa imefika kwenye mihimili ya chasi, mahali saspensheni inaposhikilia, kwenye usukani au penye bolti za mikanda ya usalama, muite fundi bodi mzoefu kwa sehemu hizo. Hapo ndipo uhai wa abiria ulipo.

Hatua ya 2: Fuata maji

Mkalishe mtu ndani na tochi, mazulia yakiwa yameondolewa. Wewe uko nje na mpira wa maji. Usilimwagie gari lote maji kwa pamoja. Anza chini, mlango mmoja kwa mara moja, kisha kioo cha mbele, kisha paa, kisha buti. Aliye ndani akiona tone la kwanza apige kelele, nawe weka alama kwa chaki.

Mara nyingi utakuta mambo matatu. Mpira wa kioo umekauka na kupasuka. Majani yameziba mfereji ulio chini ya waipa, na maji yanamwagikia miguuni. Halafu milango: maji ya mvua huingia pembeni mwa kioo kila siku, hilo ni la kawaida, na kiwanda kiliacha matundu madogo chini ya mlango yatoke. Matundu hayo huzibwa na udongo, au fundi aliyepita aliyapaka rangi nzito yakafa. Yazibue kwa waya. Kazi ya dakika chache tu, na mlango utakaa miaka mingi.

Hatua ya 3: Fungua, piga picha, hifadhi

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, hasa soketi za waya na klipu. Bolti za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake ulioandikwa. Bolti iliyoganda imwagie mafuta ya kulegeza jioni, urudi asubuhi. Ukiilazimisha kwa spana ndefu itakatika, na kutoa iliyokatika ni kazi nyingine kabisa.

Gari likiinuliwa likae kwenye stendi za chuma. Matofali hupasuka bila onyo, na jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake.

Hatua ya 4: Kata mpaka chuma kizima

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbia. Kuna kutu ya juujuu na kuna kutu iliyotoboa, na dawa zake ni tofauti.

Ya juujuu iondoe kwa grainda yenye brashi ya waya, kisha msasa namba 80, mpaka uone chuma kinachong'aa. Vishimo vidogo vyeusi vikibaki, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, uiache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Halafu ioshe na kukausha vizuri. Mabaki ya asidi huizuia praima (rangi ya msingi) ya epoksi isishike, na baada ya miezi utaona mapovu palepale.

Iliyotoboa haina dawa. Ikate. Usiufuate ukingo wa tundu. Songa mbele mpaka ufike kwenye bati lenye unene wake. Tundu la ukubwa wa shilingi huzaa kiraka cha ukubwa wa kiganja, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kiraka kikatwe kwenye shiti nyeusi ya chuma. Geji 20, yaani karibu milimita 0.9, inatosha fenda na milango. Kwa vizingiti na sakafu tumia geji 18, karibu milimita 1.2. Vipande vya aina hii hupatikana Katwe, hapa Kampala, kwa mafundi chuma bila kununua shiti nzima. Bati la paa la nyumba liache kabisa: ni jembamba, na zinki yake ikiungua hutoa moshi unaoumiza mapafu. Kifinye kiraka kwa mkono na nyundo mpaka kikae chenyewe bila kushikiliwa, kikiacha mwanya wa kama milimita 1 kuzunguka.

Kabla ya kuwasha moto, ondoa vichwa vya betri. Toa zulia, viti na sponji zote za karibu. Tangi la petroli lishushwe lipelekwe mbali. Tangi tupu lina mvuke, nao ndio unaolipuka. Upande wa pili wa bati kunaweza kuwa na lami ya kiwandani ambayo hushika moto polepole bila wewe kuona, kwa hiyo awepo msaidizi mwenye ndoo ya maji na kitambaa kilicholowa. Mkimaliza, msiondoke mara moja. Kaeni mkiangalia.

Kwa bati jembamba, mashine ya kuchomelea ya MIG, inayojisukumia waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 ndiyo rafiki wa anayejifunza. Ya fimbo hutoboa. Gesi hufanya kazi safi mikononi mwa mzoefu, lakini hupasha eneo kubwa na bati hujipinda. Choma nukta, usichome mstari. Nukta ya kwanza juu, ya pili chini, ya tatu kushoto, ya nne kulia, kisha rudi kujaza katikati ukiacha kila nukta ipoe mpaka uweze kuigusa. Ukivuta mstari mmoja mrefu, mlango utajikunja, na hakuna pati itakayoficha wimbi lile.

Kiraka kilichofungwa kwa riveti na kufunikwa pati nakikataa katakata. Katikati ya bati mbili hubaki nafasi inayoshika maji, na mwenye gari hulipa mara mbili.

Hatua ya 5: Praima siku hiyo hiyo

Karibu na Ziwa Nyanza (Viktoria) hewa yetu ina unyevu mwingi. Chuma kilichosuguliwa leo kikilala wazi, kesho kina rangi ya chungwa. Futa kwa kitambaa safi chenye tina (kiyeyusho cha rangi), usikiguse tena kwa kiganja, kisha paka praima ya epoksi kabla ya jioni. Ndani ya kiraka pia, popote brashi inapofika. Maungio yote yajazwe silanti ya bodi, yaani gundi ya kuziba maji.

Hatua ya 6: Pati, kidogo

Pati ni ya kusawazisha, isizidi milimita 3. Shimo likiwa na kina zaidi ya hapo, rudi kwenye nyundo. Kwa gramu 100 za pati weka karibu gramu 2 za hadina, dawa ya kuigandisha. Watu huongeza hadina ili iwahi kukauka, nayo hupanda juu na kuitia rangi madoa. Kwa joto letu una dakika chache tu, basi changanya kidogo kidogo.

Isugue kavu: namba 80 kutengeneza umbo, 180 kulainisha, daima na kibao cha msasa na si vidole vitupu. Naona gereji nyingi wakimwagia pati maji wakati wa kusugua, na jambo hili linaniuma. Pati hunywa maji. Maji hayo hukaa chini ya praima juu ya chuma, na kazi yote ya hatua ya nne inaanza kuharibika kabla gari halijatoka. Msasa wa maji una nafasi yake baadaye, juu ya praima nzito ya kujazia, kwa namba 400 kisha 600 au 800. Ukitaka kuona mabonde, pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi ya kopo kisha sugua. Weusi utakaobaki ndilo bonde.

Hatua ya 7: Rangi

Kwanza ijue rangi ya zamani. Sugua mahali palipojificha kwa kitambaa chenye tina. Ikiyeyuka na kutia kitambaa rangi, ni ya NC (nitroselulosi). Ikijikunja, ni enameli, na ukipaka NC juu yake moja kwa moja itainuka. Isipobadilika, ni 2K (rangi inayochanganywa na hadina) au ya kiwandani. Namba ya rangi iko kwenye kibati ndani ya boneti. Toyota nyeupe nyingi ni 040. Ukiamua kubadilisha rangi kabisa, kumbuka kwamba imeandikwa kwenye logibuku, na logibuku lazima irekebishwe.

Sasa nisikilize kwa makini. Rangi za 2K na klia zake (tabaka angavu la juu) hukauka kwa hadina yenye kemikali iitwayo isosaianeti. Mvuke wake unaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii chochote. Hupakwa kwa kifaa cha kupumua kinacholetewa hewa safi kwa bomba. Huna kifaa hicho, au majirani na watoto wako karibu? Fanya maandalizi yote nyumbani, kisha peleka gari kwenye chumba cha kupulizia. Kwa nyumbani paka NC ya rangi moja isiyo na metaliki, ukivaa barakoa ya kichujio cha kaboni, pasiwe na moto wala sigara. NC inahitaji kung'arishwa mara kwa mara na petroli huilainisha, lakini marekebisho yake ni rahisi.

Chagua siku kavu, saa nne asubuhi hivi, umande ukishaondoka na mawingu ya mchana hayajakusanyika. Mwagia sakafu maji ili vumbi lilale. Kompresa iwe na kichujio cha kunasa maji, na umwage maji ya tangi lake kabla ya kuanza. Bunduki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, ukiisogeza sambamba nayo, na kila pito lifunike nusu ya lililotangulia. Matabaka mepesi kadhaa, ukisubiri kila moja lipoteze mng'ao wa maji. Rangi ikigeuka nyeupe kama ukungu, hewa imebeba unyevu. Simama, usiongeze.

Hatua ya 8: Linda ndani, kisha rudisha

Rangi ikikauka kabisa, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti na milango kupitia matundu ya kiwandani. Oili chafu ya injini huingia popote na wengi huitumia. Mimi naipendelea nta kwa sababu haitiririki na haiharibu mipira ya milango. Hakikisha haijaziba matundu ya chini.

Rudisha vioo na mipira mipya, kisha rudia jaribio la mpira wa maji kabla ya zulia kuingia. Kukiwa na tone, zulia lisubiri.

Kwa mwezi wa kwanza osha kwa maji matupu, bila sabuni ya unga wala nta. Usiegeshe chini ya miti wanakolala kaloli, yaani korongo marabou. Kinyesi chao hula rangi changa. Kikianguka, kiloweshe maji mengi mpaka kilainike, kisha kiondoe siku hiyo hiyo bila kukisugua.