Kasuku wa kulea akianza kufungua tundu mwenyewe

Kitasa cha kuinua hakimzuii kasuku wa kijivu. Siku mbili tatu ameshakijua. Weka kifuli kidogo, ufunguo utundikwe mbali na mdomo wake. Usifunge kwa waya wa mabati: anautafuna, na zinki iliyopakwa juu yake humtia sumu.

Utundu mwingi hutokana na kukosa kazi. Mpe kitu cha kuharibu: gunzi la mhindi, kipande cha kumbi la nazi, au chikichi mbichi, ambazo Kigoma hazina shida kupatikana. Chikichi ina mafuta mengi, kwa hiyo moja kwa siku inamtosha. Badilisha kila asubuhi, maana kitu cha jana hakimshughulishi tena.

Kelele ndizo zinazowashinda wengi. Akipiga yowe na mtoto akaenda mbio kumkemea, amelipwa, kesho atazidisha. Msimjibu wala msimtazame. Akinyamaza sekunde tano, hapo hapo mwite na umpe karanga moja isiyo na chumvi. Wiki ya kwanza kelele huongezeka kabla ya kupungua, na nyumba nyingi hukata tamaa hapo. Bibi akimpa kitu kwa siri ili anyamaze, mnaanza upya.

Saa moja jioni funika tundu kwa kanga, apate usingizi wa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Asiyelala vizuri hung'ata.

Parachichi asionje kabisa, linaua. Na tundu lisikae jikoni: moshi wa mkaa ni mbaya, na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula (nonstick) kilichoungua humuua kwa dakika chache.