Namna ya kumpa mhusika kinga dhidi ya zimwi linalokula hofu

Kabla hujaandika lolote, amua zimwi lako linakula nini. Hapa ndipo wengi tunapoteleza: tunaleta jitu jeusi lenye macho mekundu, shujaa anafumba macho, anavuta pumzi, jitu linayeyuka. Limeyeyuka kwa sababu gani?

J.K. Rowling, mwandishi wa hadithi za Harry Potter, hakufanya mchezo hapo. Zimwi lake aliloliita Dementor hufyonza furaha, kwa hiyo kinga ni kumbukumbu ya furaha, tena si yoyote tu. Harry anaanza na ile ya siku alipopanda ufagio mara ya kwanza, haifui dafu, inambidi atafute nyingine yenye uzito zaidi. Zimwi lake jingine, Boggart, hujigeuza kile unachokiogopa kuliko vyote, na dawa yake ni kicheko.

Zimwi langu mimi linakula hofu. Nilionja kidogo habari zake mapangoni Amboni, huku Tanga, nilipokwenda na wapwa zangu, mwongozaji akazima tochi makusudi. Giza la mle si la usiku; niliinua kiganja mpaka kikagusa pua, sikukiona. Harufu ya kinyesi cha popo, mabawa yanapita juu. Mpwa wangu mdogo akaangua kilio, na mimi wa kutegemewa magoti yananicheza. Nikamwambia, "Hebu tuhesabu vifungo vya shati lako." Tukapapasa kimoja kimoja. Kufika cha tano kilio kimekatika, nami magoti nimeyasahau.

Basi usiandike "alijikaza, hofu ikamtoka." Mpe mhusika kazi ya mikono, ndogo, inayotaka umakini. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, kwa hiyo bibi wa hadithi yangu nilimpa sindano. Zimwi liko mlangoni, linanusa. Bibi analamba ncha ya uzi, anaisokota, anakosa tundu. Analamba tena. Mkono unatetemeka, na uache utetemeke, maana msomaji asipouona hatakuamini. Mara ya tatu uzi unapita. Zimwi linanusa, halipati kitu.

Pumzi zitumie kwa kiasi. Ni kweli kuzitoa polepole kunatuliza mapigo ya moyo, ila ukurasa mzima wa kuvuta na kutoa, tutadhani mhusika ana pumu.

Halafu kinga lazima ivuje. Bibi yangu alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akakosa cha kufanya. Zimwi likaanza kunusa upya. Nikamfanya afumue pindo lote, aanze tena.