Somo: Namna ya kutambua dhana isiyotajwa katika hoja kuhusu wanunuzi

Swali la namna ya kuitambua dhana isiyotajwa, yaani jambo ambalo hoja inalitegemea bila kulisema, nimelijibu kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa kwa ukamilifu. Tutatumia hoja inayosikika sana: "Gramu ya sabuni ya unga ni nafuu zaidi katika mfuko wa kilo kuliko katika pakiti ndogo, kwa hiyo kila anayenunua pakiti ndogo hajui hesabu."

1. Tafuta hitimisho, mara nyingi hufuata "kwa hiyo" au "ndiyo maana".

2. Tenga ushahidi. Hapa ni bei ya gramu, basi.

3. Tazama jambo lililozuka katika hitimisho bila kuwamo katika ushahidi. Ushahidi unahusu bei, ilhali hitimisho linahusu ujuzi wa mtu. Dhana hujificha katika pengo hilo. Hapa ni kwamba kila mnunuzi wa pakiti ndogo anayo fedha ya mfuko mzima kwa mkupuo.

4. Ikanushe dhana hiyo, kisha uone kama hoja bado inasimama.

Hatua ya nne niliikosea mwenyewe, na kwa kosa hilo nikamnyima mwanafunzi alama alizostahili. Kinyume cha "kila mnunuzi anayo fedha" si "hakuna mnunuzi mwenye fedha", bali ni "yupo angalau mmoja asiye nayo". Nilikuwa nikikanusha kupita kiasi, na ukanushaji wa namna hiyo huangusha hata hoja isiyoitegemea dhana unayoipima. Hoja ya siku ile ilisema "wengi wao", si "kila". Mwanafunzi akaandika kwamba haihitaji kila mnunuzi awe na fedha, nami nikamkosoa. Alikuwa sahihi: mnunuzi mmoja asiye na fedha huivunja hoja yenye "kila", lakini haivunji yenye "wengi". Chunguzeni sana maneno ya kiasi. Tena, msiulize kama dhana ni ya kweli. Ulizeni kama hoja inaihitaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, sijasoma yote. Dhana yenyewe ni ipi?
Jibu: Imo katika hatua ya tatu. Tafadhali isome.

Swali: Kwa hiyo unatetea matumizi mabaya ya fedha?
Jibu: Sitetei, napima hoja. Hitimisho laweza kuwa la kweli na hoja yake ikawa mbovu.

Swali: Tukiwauliza watu wengi sana, dhana hizi haziondoki?
Jibu: Haziondoki, na swali lako ni zuri. Nchini Marekani, kampuni ya Coca-Cola iliwajaribisha ladha mpya watu wapatao 200,000, na wengi wao wakaipenda kuliko ya zamani. Ilitangazwa tarehe 23 Aprili 1985 kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Tarehe 11 Julai kampuni ikatangaza kuirudisha ya zamani, kwa malalamiko ya wateja. Ilidhaniwa kwamba anayependa ladha mpya atakubali ile ya zamani iondolewe. Wingi wa waliojibu haukuigusa dhana hiyo, kwa sababu hawakuulizwa hilo.

Swali: Mimi nina duka. Wapo wateja wenye fedha ambao bado huchukua pakiti ndogo. Je, hao hawaithibitishi hoja?
Jibu: Nashukuru kwa kuleta jambo ulilolishuhudia. Hao wanatuonyesha dhana ya pili: kwamba sabuni ya mfuko mkubwa hutumika kwa uangalifu uleule. Katika nyumba yenye watu wengi, mfuko uliofunguliwa huweza kwisha upesi kuliko pakiti zenye uzito sawa na huo. Hebu muulize mmoja wao.

Mwenye duka: Nimemuuliza mama mmoja leo. Amesema pakiti moja ni ufuaji mmoja, na akimtuma mtoto kufua hana haja ya kumsimamia.
Jibu: Basi hesabu anaijua.