Gari ya kukodi ikichunwa mkononi mwako, fanya hivi

Desemba ikikaribia kila mtu Arusha anataka gari ya kwenda nayo Moshi, watu wanachukua chochote kilichobaki bila kukagua, na kesi nyingi zinaanzia hapo.

Ukiletewa gari imetoka kuoshwa na bado inachuruzika maji, usisaini kwanza. Maji yanaficha mikwaruzo. Ifute ikauke, alafu washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa mlango, usimulike kwa mbele, mwanga ukilala hivyo palipobonyea au palipozibwa kwa puti panajionyesha penyewe. Piga video moja bila kukata, anza na namba za gari, zunguka, rimu, sait mira, kioo cha mbele, stepni, inama uone chini, malizia na dashibodi kilomita zionekane, na mwenye gari asikike humo humo akiongea. Mtumie Whatsapp palepale mkiwa wote. Atanuna kidogo, mwache anune.

Muulize pia bima ni kubwa au ndogo. Ndogo inamlipa uliyemgonga tu, hiyo gari mtajuana wenyewe. Ingia TIRA MIS, ule mtandao wa mamlaka ya bima, uhakiki kama iko hai, na iwe ya gari ya kukodisha, ikiwa ya matumizi binafsi kampuni inaweza kugoma kulipa. Na soma mkataba jamani, mingi tairi, vioo na chini ya gari vyote vinakuangukia wewe.

Sasa ikitokea. Mpigie mwenye gari kabla hujampigia fundi. Nasema hivi kwa sababu mimi bodaboda alinichuna mlango wa nyuma pale Mbuyuni, nikaona aibu, nikapeleka kwa fundi wa bodi kimya kimya, mlango ukatoka mweupe kama maziwa wakati gari ilikuwa ile nyeupe ya kung'aa. Nikalipa mara mbili, fundi wangu na fundi wa mwenye gari aliyekuja kurudia rangi yote.

Kama mmegongana, washa hazadi, piga picha kabla hamjasogeza, namba za gari zote zionekane na barabara pia. Mtu akiumia piga 112, na hospitali wataulizia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Yale mambo ya "tumalizane hapahapa bosi" achana nayo kama unataka bima ilipe, subiri trafiki apime ajali na kuchora mchoro, ufatilie ripoti ya polisi, bila hiyo bima hawakusikilizi.

Siku ya kurudisha akikutajia bei ya kutisha usibishane sana, fungueni ile video mwangalie wote, mkaulize mafundi wawili tofauti. Ukilipa, lipa kwa simu na muandikishane kwamba deni limeisha. Na akisema lazima anunue bampa jipya, mwambie sawa, ila la zamani unaondoka nalo wewe, uone bei inavyoshuka.