Kuishi Nyumbani kwa Wajapani: Mwongozo kwa Anayetoka Moshi au Arusha

Anayepanda ndege pale KIA kwenda Japani, awe mwanafunzi au mtu wa mafunzo ya kazi, huwa ameshaulizia baridi, chakula na lugha. Habari za nyumba hakuna anayemwambia. Na nyumbani ndiko anakokosea mara nyingi zaidi bila kujua, kwa sababu mwenyeji wa Kijapani hamkemei mgeni. Ataokota ndala, atajaza upya maji ya kuoga, atachambua taka ulizochanganya, na hatasema neno. Utakaa miezi mitatu ukidhani mambo ni shwari.

Taratibu zao zinaonekana nyingi, ila karibu zote zimezaliwa na jambo moja: anayekuja nyuma yako asikute uchafu wako, kelele zako wala kazi uliyomwachia. Lishike hilo, na hata pale ambapo hukufundishwa utakisia sawa.

Kabla ya safari

Anza na miguu. Utavua viatu nyumbani, kwenye kliniki nyingi, mahekaluni na kwenye baadhi ya migahawa. Buti za kamba ndefu kama za wapagazi wa mlimani zitakutesa: umeinama unahangaika na fundo, watu wamesimama nyuma yako wanasubiri. Tafuta viatu vya kuchomeka mguu tu. Soko la Memorial pale Moshi au la Kilombero pale Arusha mtumba wa namna hiyo haukosi, lakini kagua soli ya ndani, maana kiatu kikishavuliwa ndicho kinachotazamwa. Beba soksi za kutosha, mpya, zisizotoboka kidole wala kisigino.

Namba za viatu huko ni sentimita za mguu. Simama juu ya karatasi kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu, kisha pima kwa rula. Maduka ya kawaida, viatu vya wanaume huishia sentimita 27 au 28. Anayevaa 45 aondoke na vyake kabisa.

Zawadi iliyo bora ni kahawa. Jina Kilimanjaro limo kwenye rafu za maduka ya kawaida ya Japani. Kwa kanuni zao za lebo ni jina la arabika ya Tanzania isipokuwa ile ya Bukoba, na mchanganyiko unaolibeba lazima uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Mpokeaji ataelewa mara moja thamani ya pakiti iliyotoka Moshi kwenyewe. Chukua iliyokaangwa na kusagwa, pakiti za gramu 250 zilizofungwa vizuri. Maparachichi, ndizi na nyama kavu viache nyumbani, vitazuiwa uwanja wa ndege. Pakiti ziwe 3 au 5, zisiwe 4: neno lao la nne, *shi*, linasikika sawa na neno la kifo, na tisa, *ku*, linasikika kama mateso. Usiikabidhi mlangoni. Subiri ukaribishwe ndani, itoe kwenye mfuko wake, uitoe kwa mikono miwili kama unavyompa mzee kitu. Asipoifungua mbele yako usinyong'onyee. Huo ni ustaarabu wao, hataki kuonekana ana haraka na kitu kuliko na wewe.

Mlangoni

Kufika kwenyewe kuna saa yake. Kazini au darasani, uwepo dakika tano au kumi kabla. Nyumbani kwa mtu ni kinyume: fika saa ile ile au dakika chache baada yake. Ukiwahi utamkuta mwenyeji ufagio mkononi, nawe umemwaibisha.

Ukifungua mlango utakuta sakafu ndogo iliyo chini kidogo, ya saruji au vigae, halafu ngazi moja ya kupanda ndani. Ile sehemu ya chini, inayoitwa *genkan*, bado ni nje. Kosa la wageni wengi linatokea hapo: wanavua viatu, wanakanyaga ile sakafu kwa soksi, kisha wanapanda. Vumbi la barabarani limekwishaingia sebuleni.

Fanya hivi. Ukiwa umeelekea ndani, sema *ojama shimasu*, yaani samahani naingia kuwasumbua. Chomoa mguu wa kwanza kwenye kiatu na uuweke moja kwa moja juu ya ngazi, kisha wa pili. Ukishapanda, geuka upande, piga goti bila kumpa mwenyeji mgongo, vishike viatu kwa nyuma, uvigeuze ncha zielekee mlangoni na uvisogeze pembeni. Kazi ya sekunde tano. Viatu vilivyogeuzwa havimsumbui anayeingia baada yako, nawe ukiondoka unachomeka mguu na kwenda.

Utapewa ndala za ndani. Zina mipaka: kwenye chumba cha mikeka ya tatami unaziacha kizingitini, unaingia na soksi au miguu mitupu. Tatami imefumwa kwa nyasi na huchanika upesi. Begi la magurudumu usiliburute juu yake, libebe. Usikanyage ule utepe wa kitambaa unaozunguka ukingo wa mkeka. Kabla hujakaa, kanawe mikono. Nyumba nyingi pia husukutua koo kila mtu arudipo kutoka nje.

Chooni

Mlangoni mwa choo huwa kuna ndala nyingine, za humo tu. Acha zako nje, vaa hizo, ukimaliza ziache humo humo zikielekea ndani ili anayefuata azivae bila kuinama. Kutembea sebuleni na ndala za chooni ndilo kosa linalokumbukwa miaka.

Vitufe visikutishe. Alama 大 ni kubwa na 小 ni ndogo, na maana yake ni ile ile ya haja kubwa na haja ndogo kama tunavyosema sisi. Ni kiasi cha maji ya kuvuta. Kitufe chenye maandishi おしり kinarusha maji ya kujisafishia, na 止 kinayasimamisha. Kijue hicho cha kusimamisha kabla ya kubonyeza kingine chochote. Karatasi ya chooni inatupwa chooni, haiwekwi kwenye ndoo pembeni. Na kwa kuwa vyoo vingi vya umma havina kitu cha kukaushia mikono, tembea na leso.

Bafuni

Hapa inabidi kutulia, maana hapa pana tofauti kubwa ambayo haionekani kwa macho.

Mgeni akifika Machame au Kibosho jioni, anachemshiwa maji. Anaoga peke yake, na maji yakibaki anayamwaga, yalikuwa yake. Japani nako mgeni anawekewa maji ya moto, tena mara nyingi anaambiwa aoge wa kwanza. Lakini hodhi lile, sinki lenye kina la kuketi hadi mabegani, ni la nyumba nzima. Baada yako ataingia baba, mama, watoto, wote kwenye maji yale yale. Asubuhi baadhi ya nyumba huyavuta kwa pampu kwenda mashine ya kufulia. Kwa hiyo ndani ya hodhi hakuna anayeoga. Watu wanaingia humo wakiwa wameshatakata, kupasha mwili joto na kupumzika.

Kuoga kunafanyika nje ya hodhi, kwenye sakafu yenye tundu la kutolea maji. Na hapo mtu aliyezoea ndoo na kopo yuko mbele ya Mzungu wa bomba la mvua, kwa sababu mwendo ni ule ule:

1. Vua nguo kwenye chumba cha nje, chenye sinki na mashine ya kufulia. Ingia na taulo dogo tu, funga mlango.
2. Kaa kwenye kigoda. Ukioga umesimama, povu litaruka mpaka kwenye maji ya wenzako.
3. Jimwagie maji kwa kibakuli au bomba, jisugue kwa sabuni mwili mzima, jisuuze mpaka povu liishe kabisa. Suuza na kigoda.
4. Mafuta ya ngozi na ya nywele yatoke yote. Hili liangalie sana: mtu aliyepaka mafuta mazito asubuhi akiingia bila kujisugua vizuri, juu ya maji panabaki utando unaong'aa. Mwenye rasta au nywele ndefu azifunge juu kwa taulo, zisiguse maji.
5. Funua kifuniko, ingia polepole, miguu kwanza. Maji huwa nyuzi 40 hadi 42. Yakiwa makali mno kwako mwambie mwenyeji. Usifungulie ya baridi tele, kwani unampozea kila mtu.
6. Kaa dakika tano hadi kumi. Inuka taratibu huku umeshika ukingo, maana kichwa huzunguka.
7. Opoa nywele zilizoelea, rudisha kifuniko joto lisipotee, suuza sakafu. Jifute kidogo humo humo kwa taulo dogo kabla ya kukanyaga chumba cha nje.

Kizibo usikiguse. Hodhi la nyumbani linachukua takriban lita 200, na kulijaza upya ni dakika 15 au 20 pamoja na gesi ya kuchemsha. Mgeni anayevuta kizibo anadhani amesafisha. Kumbe familia nzima imebaki bila maji ya kuogea, na mwenyeji atatabasamu na kusema hakuna shida. Ukitoka, mwambie anayefuata *osaki ni*, nimekutangulia.

Majira ya baridi korido za nyumba nyingi hazina joto. Usitoke kwenye baridi na kujitosa moja kwa moja kwenye maji ya moto, hasa kama una tatizo la presha. Jimwagie maji ya vuguvugu kuanzia miguuni, upande juu.

Mezani

Vijiti vijifunze ukiwa bado nyumbani, na chakula cha kujifunzia ni makande. Kijiti cha chini kilale kwenye shina la kidole gumba na juu ya kidole cha pete, hicho hakitembei. Cha juu kishike kama kalamu kwa gumba, shahada na kidole cha kati. Hicho ndicho kinachofungua na kufunga. Okota maharage kwanza, halafu punje za mahindi. Anayemaliza sahani ya makande hatapata taabu na wali wa Kijapani, unaonata na kushikamana, tofauti na wetu unaochambuka punje kwa punje.

Makosa mawili ya vijiti hayasameheki kirahisi kwa sababu yanaleta msiba mezani. Usivisimamishe wima ndani ya wali: hivyo ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa. Wala usimpe mtu chakula kutoka vijiti vyako kwenda vijiti vyake: hivyo ndivyo ndugu wanavyookota mifupa baada ya kuchoma maiti. Kitu kiweke kwenye sahani yake.

Bakuli la wali unaliinua mkononi, hauinamii meza. Sema *itadakimasu* kabla ya kuanza na *gochisosama* ukimaliza. Punje zimalizike. Kufyonza tambi kwa sauti ni sawa. Kupenga kamasi mezani si sawa hata kidogo, toka nje. Kinywaji unammiminia jirani, naye atakumiminia wewe, na hakuna anayeonja kabla ya *kanpai*, neno la kugonganisha glasi. Mgahawani usiache bakshishi, mhudumu atakukimbiza barabarani kukurudishia pesa yako.

Taka

Ukihamia chumba chako mwenyewe, majirani watakufahamu kwa mfuko wako wa taka kabla hawajakufahamu kwa sura. Ofisi ya manispaa itakupa kalenda, ibandike jikoni. Kila mji una mgawanyo wake, ila kwa kawaida kuna za kuungua, zisizoungua, plastiki, chupa za plastiki za vinywaji, makopo na chupa za kioo, kila kundi na siku yake. Baadhi ya miji inauza mifuko yake maalumu na mifuko mingine haipokelewi.

Chupa ya maji ina hatua nne: toa kizibo, bandua lebo, suuza, ibonde. Kizibo na lebo vinakwenda kwenye plastiki, chupa inakwenda na wenzake. Boksi la maziwa lisuuze, likate, likunjue, likauke. Mabaki ya chakula yachuje maji kabla ya kuyafunga, vinginevyo mfuko utavuja njiani na utanuka kiangazi.

Peleka asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya saa iliyoandikwa, mara nyingi saa mbili asubuhi yetu, yaani 8:00 yao. Usipeleke usiku wa kuamkia: kunguru na paka watapasua mfuko, na atakayezoa ni jirani mwenye zamu ya usafi. Pale pana wavu. Ufunike mfuko wako nao vizuri pande zote. Mitaani mapipa ni machache sana, kwa hiyo ganda la pipi au chupa ya juisi uliyonywea njiani unarudi nayo nyumbani.

Ukikosea, gari litapita na kuuacha mfuko wako peke yake, umebandikwa karatasi ya kueleza kosa. Usijifanye si wako. Uchukue siku ile ile, uuchambue upya kwa kufuata ile karatasi, uufunge, uuweke kibarazani mpaka siku yake ifike.