SOMO: Namna ya kusoma historia ya Nile ukiwa ndani ya basi la Kampala–Arua

Swali ni lile lile kila mwezi: "Mwalimu, ni tetemeko gani lililopasua mwamba pale kwenye maporomoko ya Murchison, kwenye Nile ya Uganda?" Nimelijibu kwenye simu, sokoni, hata kwenye foleni ya hospitali. Leo naliandika mara moja kwa utaratibu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nafundisha jiografia, kwetu ni Arua, na njia hii nimeipita zaidi ya miaka ishirini.

Hatua ya 1. Pakua ramani yenye mistari ya mwinuko kabla ya safari. Njiani mtandao hukatika.

Hatua ya 2. Panda basi la asubuhi, kaa dirishani, upande wa kushoto.

Hatua ya 3. Andika namba tatu kwenye daftari: uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, Kyoga kama mita 1,033, Albert kama mita 619. Toa mwenyewe. Kutoka Victoria hadi Kyoga mto unashuka mita mia moja tu, kisha kutoka Kyoga hadi Albert unashuka zaidi ya mia nne. Ukishaziona hizo mia nne, umeshajua makelele ya Nile yanatoka wapi.

Hatua ya 4. Daraja la Kafu. Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi.

Abiria wengi wanalala wakifika Kafu. Wanaona kinamasi na mafunjo, basi. Lakini mto huu ndio ushahidi mkubwa kuliko maporomoko yenyewe. Zamani sana, kabla Ziwa Victoria halijakuwepo, maji ya nchi hii yalitiririka kuelekea magharibi, upande wa Kongo. Kafu ilikwenda magharibi. Mto Katonga nao ulikwenda magharibi. Kisha Bonde la Ufa la magharibi likaendelea kudidimia na ukingo wake wa upande wetu ukanyanyuka polepole, hadi mito ikazibiwa njia. Maji yakarudi mashariki, yakatuama, yakawa maziwa. Kyoga ni bonde la Kafu lililofurika. Ndiyo maana ukiitazama kwenye ramani ina vidole vilivyotanuka kuelekea mashariki, kama mti uliolazwa. Vile vidole vilikuwa vijito.

Mwaka mmoja niliwaleta wanafunzi hapa kupima mkondo. Nikaona vichaka vya mafunjo vilivyokatika vikielea kuelekea magharibi, nikawaambia, "Mnaona? Mto bado unakumbuka njia yake ya zamani." Wakaandika. Ilikuwa makosa matupu. Ulikuwa upepo. Kwenye kinamasi maji yanatembea kwa shida, na kila kinachoelea juu kinasukumwa na upepo kama tanga. Kafu ya leo inakwenda mashariki kuungana na Nile karibu na Masindi Port. Wale watoto waliingia kwenye mtihani na jibu nililowapa mimi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo zingatia haya:

Usisome mkondo kwa kitu kinachoelea juu. Jaza chupa maji hadi karibu na mdomo, ifunge kamba, ili izame karibu yote na upepo usiishike.

Usiamini mwinuko unaoonyeshwa na simu. Unaweza kukosea kwa mita kumi na zaidi, na kwenye nchi tambarare kama hii mita kumi ndiyo hadithi nzima.

Na muhimu kuliko yote: maji ya leo yanakuonyesha mteremko wa leo tu. Ukitaka mteremko wa zamani, tazama vijito vinavyoingia. Kwa kawaida kijito huingia mtoni kikiwa kimeinamia kule mto unakokwenda, kama mtu anayejiunga na msafara. Vijito vingi vya Kafu vimeinamia magharibi, ilhali Kafu yenyewe inakwenda mashariki. Mto umegeuka, vijito vimebaki na umbo la zamani.

Hatua ya 5. Daraja la Karuma. Nile imetoka Kyoga ikielekea kaskazini, ikifika hapa inakata kona kwenda magharibi. Tazama kushoto: povu jeupe juu ya mawe. Hapo ndipo mto unapoanza kuangukia Bonde la Ufa. Bonde lilipodidimia, mto ulijikuta na ngazi ndefu mbele yake, na tangu hapo unaila ile ngazi kutoka chini kuja juu. Hakuna tetemeko moja lililopasua chochote.

Hatua ya 6. Pakwach. Mto mpana, umetulia, joto kali. Umeshuka karibu mita mia nne tangu Karuma.

Hatua ya 7. Murchison penyewe, siku nyingine, kwa njia ya Masindi. Nile inabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka kama mita 43. Samuel na Florence Baker walifika mwaka 1864 wakayapa maporomoko jina la Roderick Murchison, mwanajiolojia wa Uingereza. Simama juu uangalie kule maji yanakokwenda: lile korongo lililo mbele yako ni njia ambayo maporomoko yameshapita yakirudi nyuma. Mwamba ni nais (gneiss), mgumu, wa zamani mno, una chembe zinazometameta juani, na ukilowa na manyunyu unateleza kama sabuni. Usivuke uzio. Droni bila kibali usiilete.

---

MASWALI

Kijana wa Lira: Kwa hiyo ni tetemeko au si tetemeko?

Mwalimu: Hatua ya 5, sentensi ya mwisho.

Boda wa Gulu: Mbona hujasema Nile ni mto mrefu duniani?

Mwalimu: Somo si urefu.

Mzee wa Hoima: Mwalimu, nakuheshimu, lakini maji hayapandi mlima. Mto kurudi nyuma ni maneno ya vitabu vya wazungu.

Mwalimu: Shikamoo mzee. Maji hayakupanda, ardhi ndiyo iliyopanda. Ni kweli Wayland wa idara ya jiolojia pale Entebbe aliliandika zamani, lakini ushahidi uko kwenu, haukuletwa na meli. Nenda kwenye kinamasi kinakoanzia Kafu. Upande mmoja maji yanakuja mashariki, upande wa pili yanaingia Nkusi na kushukia Ziwa Albert. Bonde ni moja, mito ni miwili, na kati yao hakuna mlima, ni mafunjo tu. Kama bado una shaka, chukua sinia, mwaga maji kidogo yaelekee upande mmoja, kisha unyanyue ukingo wa upande huo taratibu. Yatarudi, yatatuama katikati, halafu yatatafuta mdomo ulio chini zaidi pembeni na kumwagikia hapo. Huo mdomo wa pembeni ndio Nile inayotoka Kyoga kwenda kaskazini.

Mzee wa Hoima: Marahaba. Sinia nitajaribu.

Binti Koboko: Mwalimu, niko S5 (kidato cha tano). Nimeona picha za Grand Canyon ya Marekani. Kwa nini Nile yetu haijachimba kama mto Colorado wa kule, na maji yetu ni mengi?

Mwalimu: Swali zuri sana, mwanangu, nilikuwa nalisubiri. Grand Canyon ina urefu wa kilomita 446 na kina kinachozidi mita 1,800, na sehemu kubwa ilichimbwa ndani ya miaka milioni 5 au 6. Tofauti ya kwanza ni silaha. Maji matupu hayakati mwamba, kinachokata ni mchanga na kokoto yanayoburuta. Colorado ilikuwa nzito kwa tope na mchanga, mpaka bwawa la Glen Canyon lilipoanza kuuzuia mwaka 1963. Nile yetu inauacha mchanga wake Ziwa Victoria, kisha inapita Kyoga na kuacha tena. Inafika Karuma karibu mikono mitupu. Ya pili ni mwamba: kule juu kuna mawe ya mchanga na chokaa yaliyolala tabaka juu ya tabaka, sisi tuna nais. Ya tatu ni muda. Ziwa Victoria lina kama miaka 400,000 tu, na kuna wakati lilikauka kabisa. Kisha fikiria hili: shimo letu kubwa tunalo, ila limejaa. Chini ya Ziwa Albert bonde limedidimia na kufukiwa na mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Mafuta ya Hoima na Buliisa yanatoka humo.

Binti Koboko: Lilikauka? Ziwa lote?

Mwalimu: Lote. Wataalamu walitoboa matope ya sakafu ya ziwa wakakuta udongo wa nchi kavu wenye mizizi ya majani. Ni kama miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita. Mvua ziliporudi, likajaa, na Nile inayotoka ziwani pale Jinja ikaanza upya.

Mvuvi wa Masaka: Kwetu Nabugabo kuna mchanga wa ufukweni mbali na ziwa kubwa. Unahusiana?

Mwalimu: Sana! Nabugabo ilikuwa ghuba ya Victoria, ikafungwa na ukuta wa mchanga. Kuzunguka ziwa kuna fukwe za zamani zilizo mita 3, 12 na 18 hivi juu ya maji ya leo. Ukipita tena, piga picha utuwekee hapa.

Dada wa Nebbi: Na yale maporomoko ya pili, Uhuru?

Mwalimu: Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilifanya mto ufurike na kutoboa njia ya pili kaskazini ya ule mwanya. Uganda ikapata uhuru mwaka huo huo, 1962, jina likaja lenyewe.

Kijana wa Lira: Nikirudi Kampala nikae upande gani?

Mwalimu: Kulia.

Dereva wa Pakwach: Naongezea hapo Karuma. Msiwatupie nyani ndizi dirishani. Wanazoea, wanakuja katikati ya lami, na sisi tunashika breki na mzigo mgongoni.

Mwalimu: Asante ndugu yangu. Naliongeza kwenye hatua ya 5.