Somo: Illinois inavyolinda fedha za kulipa hatifungani

Wakuu, leo tufuate pesa. Majimbo ya Marekani hukopa kwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, ili kujenga barabara na shule, na mwenye hatifungani anashikilia ahadi tu ya kulipwa. Tuone Illinois wanavyoifunga ahadi hiyo isichoropoke.

Hatua ya 1. Sheria yenyewe imeshaidhinisha malipo, mwaka hadi mwaka. Wabunge wasipopitisha bajeti, deni linalipwa vilevile.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye utamu. Kila mwezi fedha huhamishwa kutoka mfuko mkuu wa jimbo kwenda mfuko maalumu wa hatifungani: sehemu moja ya 12 ya deni la msingi (fedha zenyewe zilizokopwa, bila riba) litakaloiva ndani ya mwaka, na sehemu moja ya 6 ya riba itakayoiva ndani ya miezi 6. Tuseme, kwa mfano tu, deni la msingi ni dola milioni 120 na riba ya nusu mwaka milioni 30. Kila mwezi zinatengwa milioni 10 na milioni 5, jumla 15. Siku ya malipo inakuta fedha zinasubiri.

Hatua ya 3. Asiyelipwa anaruhusiwa kulishtaki jimbo katika Mahakama ya Juu ya Illinois.

MASWALI

Mkuu, hii imewahi kujaribiwa au ni ya makaratasi?

Imejaribiwa vibaya sana. Kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017 gavana Bruce Rauner na bunge walivutana, jimbo likakaa bila bajeti kamili. Bili zikarundikana kupita dola bilioni 14. Vyuo vikuu na mashirika ya huduma za jamii yakasota. Wenye hatifungani walilipwa kwa tarehe zao. Mimi naona hapo kuna uchungu: fedha za kumlinda huyu zilitoka kwenye foleni ya wengine.

Kwa hiyo wawekezaji walilala usingizi?

Wapi! Juni 2017 S&P, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa, iliishusha Illinois hadi alama ya BBB-, ngazi ya mwisho kabla ya daraja la hatifungani hatarishi. Mfuko unalinda deni la zamani. Mkopo mpya unapanda bei.

Jimbo likifilisika je?

Sheria ya ufilisi ya Marekani inaruhusu miji, kama Detroit mwaka 2013. Majimbo hayamo.

Na sisi Tanzania, mkuu?

Ibara ya 141 ya Katiba inasema Deni la Taifa linadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina. Ibara hiyo inataja pia fedha zinazowekwa akiba kulipia deni kidogokidogo, ila habari ya kutenga kila mwezi haimo.